Gari dogo lenye mbio: stakabadhi ni bora kuliko kilomita

BEI inayobandikwa kwenye kioo cha gari lililotumika ni mwanzo tu wa gharama. Ukweli huo unagusa kila gari, lakini unauma zaidi kwa mnunuzi wa gari dogo lenye mbio. Gari la aina hiyo lina umbo la gari la kawaida la familia, lenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake, ila limewekewa injini kali, breki kubwa na springi ngumu. Mara nyingi mwenye nalo huliuza wakati ule ule ambapo matengenezo makubwa yamekaribia, na mnunuzi huondoka yadi akifurahia punguzo la bei bila kujua kuwa amekabidhiwa deni.

Mfano mzuri ni Volkswagen Golf GTI, gari ambalo limekuwa likionekana mara kwa mara katika mitaa ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mengi yanayosemwa hapa kuhusu Golf hiyo yanafaa pia kwa magari mengine madogo ya mbio yenye turbo.

GTI ya kwanza ilionyeshwa katika maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa mwaka 1976. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110. Kiwanda kilikusudia kutengeneza magari 5,000 tu, lakini soko liliamua vinginevyo, na hadi sasa zimeuzwa zaidi ya milioni mbili za vizazi mbalimbali.

Vizazi vitatu sokoni

Mnunuzi wa Afrika Mashariki hukutana zaidi na vizazi vitatu. Kizazi cha tano kilitoka mwaka 2004 kikiwa na injini ya turbo ya lita mbili yenye nguvu za farasi 200. Cha sita kilifuata mwaka 2009 kikiwa na farasi 210, na cha saba mwaka 2013 kikiwa na farasi 220, ambazo zilipandishwa hadi 230 katika maboresho ya mwaka 2017. Ukubwa wa injini katika vizazi vyote vitatu ni sentimita za ujazo 1,984, yaani chini kidogo ya 2,000. Jambo hilo si dogo kwa anayeagiza gari, kwa kuwa nchini Tanzania kiwango cha ushuru wa bidhaa hupanda injini inapovuka 2,000.

Masoko ya nchi hizi mbili hayafanani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo GTI za kizazi cha tano na cha sita zinazouzwa Nairobi ni zile zilizokwisha kuingia zamani na kupita katika mikono kadhaa. Tanzania haijafunga mlango huo, ila gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Anayeagiza gari kuukuu kwa kuvutiwa na bei ya Japan anapaswa kupiga hesabu kwanza katika kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), maana kodi inaweza kuizidi bei ya gari lenyewe.

Nyaraka kabla ya boneti

Wanunuzi wengi hukimbilia kufungua boneti. Mnunuzi makini huanza na karatasi. Nchini Kenya taarifa za mmiliki hupatikana kwa kutafuta namba ya gari katika mfumo wa mamlaka ya usafiri, NTSA. Tanzania, jina lililo kwenye kadi ya gari lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na namba ya gari itumike kuangalia kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa.

Hatua ya pili ni namba ya chesisi. Kwa magari ya Volkswagen yaliyotengenezwa Ujerumani huanza na herufi WVW. Tarakimu au herufi ya kumi hueleza mwaka wa modeli: 9 ni mwaka 2009, A ni 2010, B ni 2011, na kuendelea hadi H kwa mwaka 2017 na J kwa mwaka 2018. Muuzaji akisema gari ni la 2012 na herufi ya kumi ni A, mazungumzo ya bei yaanze upya.

Namba hiyo pia husaidia kumnasa muuzaji wa GTI ya bandia. Nembo ya GTI na mstari mwekundu wa grili hununuliwa dukani kwa bei nafuu, na kuna Golf za kawaida zilizopambwa kwa vitu hivyo. Alama za injini hazidanganyi kirahisi. Kizazi cha tano huwa na AXX au BWA, cha sita CCZB, na cha saba chenye farasi 220 huwa na CHHB. Alama hiyo huonekana pia kwenye kibandiko cha taarifa za gari, ambacho kwa kawaida huwa ndani ya buti karibu na tairi la akiba.

Kilomita ndiyo namba inayochezewa kuliko zote. Kwa gari lililotoka Japan, mnunuzi adai karatasi ya mnada pamoja na cheti cha kusafirishia gari nje, kisha alinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zilizopo kwenye dashibodi. Karatasi ya mnada hutoa pia daraja la gari. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, ilhali herufi R au RA humaanisha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, na XX ni sehemu iliyobadilishwa kabisa.

Kwa gari lililotoka Uingereza kuna njia nyepesi zaidi. Serikali ya nchi hiyo huweka kwenye intaneti, bila malipo, historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa magari tangu mwaka 2005. Aliye na namba ya usajili ya kule ataona kilomita, au maili, zilizosomwa kila mwaka na kasoro zilizokutwa. Hata hivyo, magari ya Uingereza yakaguliwe zaidi kwa chini, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huleta kutu.

Injini: kila kizazi na ugonjwa wake

Injini ya kizazi cha tano huendeshwa kwa mkanda wa taiming. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huharibika. Mkanda huo ndio unaozungusha pia pampu ya maji, hivyo fundi mzuri hubadilisha vyote kwa pamoja. Muuzaji asiye na stakabadhi ya kazi hiyo achukuliwe kuwa hakuifanya, hata akiapa.

Ugonjwa wa pili wa injini hiyo haujulikani sana. Pampu ya mafuta yenye shinikizo kubwa husukumwa na kamshafti kupitia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huisha taratibu. Kisipobadilishwa hutoboka, kisha huila kamshafti na pampu yenyewe. Kukifungua na kukitazama ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua, na kikombe chenyewe hakina gharama kubwa. Kamshafti na pampu ndivyo vyenye gharama. Mnunuzi anayekataliwa ukaguzi huo ana sababu ya kutosha ya kuondoka.

Kizazi cha sita hakina mkanda bali cheni, na kikombe kile kiliondolewa. Tatizo likahamia kwenye kikaza cheni. Vikaza vya awali vilikuwa dhaifu, na kimoja kinapolegea cheni huruka meno, na matokeo yake hufanana na ya mkanda uliokatika. Dalili ni mlio wa kukwaruza wa sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi. Kwa hiyo mnunuzi afike bila kuchelewa, aguse boneti, na akikuta injini imekwisha kupashwa moto aombe kurudi siku nyingine. Injini za kizazi hiki zinajulikana pia kwa kunywa oili. Kijiti cha oili kikaguliwe, na muuzaji aulizwe huongeza kiasi gani kati ya sevisi moja na nyingine.

Vizazi vyote viwili hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Matokeo yake valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, na masizi hujijenga juu yake. Gari hutetemeka likiwa limesimama na hupoteza nguvu. Kizazi cha saba cha Ulaya kiliongezewa njia ya pili ya kupuliza mafuta, na tatizo hilo likapungua. Kwake jambo la kutazama ni kasha la plastiki la pampu ya maji na kidhibiti joto, ambalo huvuja. Alama za maji ya rangi yaliyokaukia upande wa injini ni ushahidi wa kutosha.

Hapo ndipo mazoea ya kwetu yanapoumiza magari haya. Rejeta iliyojazwa maji ya bomba badala ya maji maalumu ya kupoza injini huanza kutu ndani. Oili ya bei ya chini isiyokidhi daraja la VW 502 00 huichosha turbo haraka. Mnunuzi afungue kifuniko cha maji injini ikiwa baridi. Maji yawe na rangi ya waridi au zambarau. Yakiwa ya kahawia, au yakiwa meupe kama ya kisimani, hiyo ni stakabadhi tosha ya namna gari lilivyotunzwa.

Turbo zilizoongezwa nguvu

Vijana wengi hununua GTI ili waiongezee nguvu. Kubadilisha programu ya kompyuta ya injini huongeza makumi ya nguvu za farasi kwa muda mfupi, na huongeza pia mzigo kwa turbo, klachi na gia. Hilo si kosa kama lilifanywa na fundi anayejulikana na likaandikwa. Kosa ni kulificha. Dalili zake ni chujio la hewa la wazi, eksozi kubwa isiyo ya kiwandani, geji ya turbo iliyochomekwa kwenye dashibodi, au matundu ya skrubu mahali ambapo geji iling'olewa siku chache kabla ya kuuza.

Suala la petroli nalo lizingatiwe. Kibandiko kilicho ndani ya mlango wa tanki hueleza kiwango cha okteni ambacho injini inahitaji. Gari lililobadilishwa programu ili litumie petroli ya kiwango cha juu ya Japan au Ulaya linaweza kugonga kwa ndani likijazwa petroli ya kiwango cha chini, na pistoni ndizo zinazolipia.

Gia na klachi

GTI nyingi zinazotoka Japan zina gia za DSG, ambazo hujibadilisha zenyewe kwa kutumia klachi mbili. Zile za gia sita zina klachi zinazolowa oili, na oili hiyo pamoja na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Wapo wanaoamini kuwa oili ya gia haibadilishwi maisha. Imani hiyo imeua gia nyingi.

Mnunuzi asichanganye gia hizo na zile za gia saba zenye klachi kavu, zilizowekwa kwenye Golf nyingine za injini ndogo za lita 1.2 na 1.4. Mwaka 2013 Volkswagen iliita takriban magari milioni 1.6 duniani ili kubadilishiwa oili ya gia hizo za klachi kavu. Anayeuziwa Golf ya lita 1.4 kwa jina la GTI anabeba hasara mbili: hakupata injini aliyoilipia, na amepata gia yenye historia.

Majaribio ya gia yafanywe gari likiwa baridi na tena likiwa moto. Liachwe litambae kwenye mlima mdogo bila kukanyaga mafuta, lirudishwe nyuma taratibu, kisha lipandishwe gia moja baada ya nyingine. Kushtuka, kuchelewa kuondoka, au taa ya gia kumeta kwenye dashibodi ni dalili za gharama kubwa. Kwa gari la gia za mkono, lipelekwe gia ya nne kwa mwendo mdogo na kukanyagwa mafuta hadi mwisho. Mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.

Chini ya gari

Gari hili ni la chini, na barabara zetu zina matuta. Mnunuzi alipandishe kwenye jeki ya gereji na kutazama sampu ya oili, bushi za mikono ya mbele, shokapu na viungo vya usukani. Rimu za inchi 17 au 18 zenye matairi membamba huvumilia mashimo kwa shida. Rimu iliyopinda huonekana ikizungushwa. Matairi ya inchi 17 ya gari hili ni ya saizi 225/45. Tarakimu nne za mwisho za kodi ya tairi hueleza wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya majina manne tofauti huonyesha mmiliki aliyekuwa akitafuta unafuu kila mahali.

Breki za mbele za kizazi cha tano zina diski za milimita 312. Mtu akikuta diski ndogo, nyuma ya rimu zile nzuri kuna kitu kilichobadilishwa. Ukingo uliosimama pembeni mwa diski ni dalili kuwa zimekwisha.

Barabarani

Jaribio la dakika tano kuzunguka yadi halitoshi. Mnunuzi aombe nusu saa. Kizazi cha tano hutoa nguvu yake kamili ya mvuto kuanzia mizunguko 1,800 hadi 5,000 kwa dakika, hivyo kwa gia ya tatu gari livute bila kukatika kati ya namba hizo. Likisita katikati, upepo wa turbo unavuja au plagi na koili zimechoka. Moshi wa bluu baada ya kuachia mafuta na kukanyaga tena unaonyesha kuwa oili inaungua. Usukani unaovuta upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka ni dalili ya bushi au ya ajali.

Mwisho wa safari, gari lipimwe kwa mashine ya kompyuta inayosoma mifumo yote ya Volkswagen. Mashine ndogo inayosoma injini peke yake haitoshi. Fundi atazame pia kama kumbukumbu zote zilifutwa muda mfupi kabla. Gari la miaka kumi lisilo na kumbukumbu hata moja linatia shaka kuliko lenye kosa moja la taa.

Hesabu ya mwisho

Upungufu wote uliokutwa ugeuzwe kuwa fedha kabla ya kutaja bei. Tuchukue mfano wa magari mawili ya kizazi cha tano. Takwimu ni za kufundishia tu, na kila mnunuzi aweke bei za gereji yake.

Gari la kwanza linauzwa Sh 21,000,000 bila stakabadhi. Linahitaji mkanda na pampu ya maji (Sh 900,000), oili ya gia na chujio (Sh 700,000), matairi manne (Sh 1,400,000), breki za mbele (Sh 600,000), pamoja na plagi, koili na kile kikombe cha pampu ya mafuta (Sh 600,000). Jumla ya matengenezo ni Sh 4,200,000, na gharama halisi ni Sh 25,200,000.

Gari la pili linauzwa Sh 24,000,000 likiwa na bahasha ya stakabadhi, na kinachohitajika ni breki za mbele tu. Gharama halisi ni Sh 24,600,000. Gari lililoonekana ghali kwa Sh 3,000,000 limekuwa rahisi kwa Sh 600,000, na historia yake inajulikana.

Mwenye bahasha hana haja ya kupunguza sana, naye anastahili bei yake. Asiye na bahasha anaweza kuuza pia, ila akubali Sh 4,200,000 zitoke kwenye bei yake na si kwenye mfuko wa mnunuzi. Akikataa, magari ya aina hii hayajaisha sokoni.

Kwa mnunuzi anayekopa, tahadhari iwe mara mbili. Mkopo hulipa bei ya gari, haulipi kamshafti. Anayemaliza akiba yote siku ya kununua atakuwa anarejesha fedha za benki kila mwezi kwa gari lililolala gereji. Ni busara kununua gari la bei ndogo kuliko uwezo wake, na kubakiza angalau sehemu moja ya kumi ya bei kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kama fedha hiyo haipo, Golf ya kawaida iliyotunzwa itamfikisha kazini kwa uhakika kuliko GTI iliyochoka.